Mfuteni Bibi Harusi Kabla Shangazi Hajamfuta

Jumamosi iliyopita nilialikwa sendofu, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, hapa Mandewa, nikaondoka kabla keki haijakatwa. Sikuwa naumwa. Nilishindwa tu kuendelea kuutazama uso wa yule bibi harusi. Shingo yake ilikuwa ya maji ya kunde, mikono ya maji ya kunde, hata masikio, maskini, yalikuwa ya maji ya kunde. Uso peke yake ulikuwa wa mtu mwingine. Na mashavuni, chini ya ile rangi nyeupe nyeupe, wekundu ulikuwa unachungulia kama mkaa uliofukiwa kwenye majivu.

Nikamtafuta mpambaji wake. Ni binti mdogo anaitwa Salome, ana saluni mtaa wa pili kutoka kwangu. Aliniamkia vizuri, "Shikamoo mama," akapiga na goti kidogo, kwa hiyo siwezi kusema hakulelewa.

"Marahaba mwanangu. Huyu umempambia wapi?"

"Saluni, mama. Kwenye ile taa ya duara."

"Na sherehe inafanyikia wapi?"

Akatazama juu kwenye turubai, akatazama jua la saa tisa lililokuwa linatupiga ubavuni, akasema, "Si hapa hapa?"

Ndipo hapo nilipochukua mkoba wangu.

Ninyi mabinti mnaopamba siku hizi, naandika haya kwa ajili yenu, na naomba mnivumilie kama mimi ninavyowavumilia. Nimepamba nyuso za watu kwa zaidi ya miaka thelathini, hapa Singida mjini na kule Mkiwa njia panda, mpaka mwaka juzi magoti yalipokataa kusimama. Msinitafutie maneno makubwa. Niliacha shule darasa la sita, kijijini kwetu Kinyangiri. Mama alifariki, baba akamfuata mwaka ule ule, na mimi nilikuwa wa kwanza kati ya wanne. Wa mwisho, Elipendo, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Kwa hiyo nilimbeba. Mambo mengine yote niliyoyajua baadaye niliyajifunza nimesimama.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Zuhura, mwanamke mmoja mfupi, mkali, aliyekuwa na saluni ya chumba kimoja nyuma ya soko. Nilianza kwake kwa kufua taulo. Mwaka mzima taulo, mwaka wa pili kusuka, mwaka wa tatu ndipo akaniruhusu kushika uso wa mtu. Ninyi mnatazama video tatu kwenye simu, wiki inayofuata mnaandika ubaoni kwamba mnapamba maharusi. Haya.

Mama Zuhura alikuwa na neno moja alilolisema kuliko yote: "Mtoe nje." Ukimaliza shavu moja, mtoe nje. Ukimaliza la pili, mtoe nje. Kiti chake cha kupambia kilikaa mlangoni kabisa, mguu mmoja ndani na mwingine barazani, na vumbi lote la mtaa lilikuwa letu. Mimi niliona ni ushamba. Nilitamani saluni yenye pazia na taa kama za mjini kwa watu. Nikamwambia siku moja, "Mama, wateja wanaona aibu kukaa mlangoni." Akanijibu bila kugeuka, "Waone aibu hapa kwa dakika ishirini, au ukumbini siku nzima?"

Sasa tuongee habari ya wekundu wenyewe, maana ndio unaowashinda. Wekundu wa ngozi yetu hauko kama wa hao mnaowaona kwenye video. Wao uso ukiwa mwekundu unakuwa kama waridi. Sisi ukiwa mwekundu unakuwa kama tofali la kuchoma, na kwa aliye mweusi zaidi unaelekea zambarau, tena unaweza usiuone kabisa ukiwa ndani. Ukiweka dawa ya ngozi yao juu ya ngozi yetu, unatengeneza kioja.

Nilikitengeneza mimi mwenyewe. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mteja wangu mpole, ambaye kila msimu wa upepo pembeni mwa pua na mashavuni palimwiva. Dada mmoja aliyekuwa anatoka Dar es Salaam na mizigo akaniletea krimu ya kijani. Akaniambia kijani kinaua wekundu. Nami nikaamini, kwa sababu kopo lilikuwa zuri. Siku ya mahafali mwalimu akaja, nikampaka kijani, nikaweka faundesheni juu yake, tukatazama kwenye kioo tukafurahi. Kesho yake asubuhi alinikuta nafagia.

"Dada, ulinipaka nini?"

"Kwani vipi, mwalimu?"

"Mgeni rasmi kaniuliza kama nina malaria. Mkuu wa shule kanipa ruhusa niende zahanati. Watoto wa darasa la kwanza walikataa kunishika mkono."

Kijani juu ya maji ya kunde kinatoa majivu. Ndani ya saluni sikuyaona kwa sababu sikumtoa nje. Nilimpamba mwalimu yule bure mwaka mzima, na Mama Zuhura alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanichapa na taulo lenye maji.

Njia yake yeye ilikuwa hii, na sijaona nzuri zaidi. Mwoshe mtu uso kwa maji ya baridi, usimsugue, kwa sababu ukisugua unauita wekundu uje wote. Mpake mafuta mepesi, kidogo, halafu mwache akae. Mpe chai. Mngoje mpaka ngozi inywe. Kisha chukua faundesheni mbili: moja inayofanana na shingo yake, na nyingine inayoelekea manjano kidogo. Ile ya manjano iweke palipo na wekundu tu, pasipo na wekundu pana kosa gani? Tumia kidole cha pete, maana hakina nguvu, na ugonge, usipake. Gonga, gonga, kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye mgonjwa. Weka nyembamba kiasi kwamba unajionea aibu kuiita kazi. Juu yake weka ile ya shingo, nayo nyembamba, uisambaze mpaka isionekane imeishia wapi. Poda iweke kwenye pua na paji la uso. Mashavu yaache. Upepo wa Singida unakausha poda ya mashavuni mpaka inapasuka kama tope la ukingo wa ziwa, na hapo mteja anatabasamu mara moja tu, wewe unaaibika.

Halafu simama. Mtoe nje, rudi nyuma hatua tatu, umtazame. Utauona wekundu bado upo kidogo, kama wa mtu aliyetoka kisimani kwa haraka. Uache! Jamani, uache. Ndio unaomfanya afanane na mtu aliye hai. Hapo ndipo mnaponichosha. Mkiuona umebaki kidogo mnaongeza tabaka, mkiuona tena mnaongeza lingine, mwisho mnapeleka ukumbini ukuta uliopigwa lipu.

Na kama mashavu yanawasha, yanauma, yana malengelenge au yanatoa maji, usipake kitu. Mwambie aende hospitali. Atakuchukia siku hiyo, basi.

Mimi nilipiga lipu. Mama Zuhura alikuwa amenituma Mkiwa peke yangu kwa mara ya kwanza, nikampambe binti aliyekuwa ametoka kuvuna alizeti wiki nzima. Jua lilikuwa limemla mashavu na juu ya pua. Nikaogopa. Nikaweka tabaka moja, la pili, la tatu. Nilipomaliza alikuwa laini kama yai. Sasa mnajua kwenye sherehe zetu shangazi lazima aje amfute bibi harusi jasho. Anakuja anacheza, kanga mpya mkononi, anamzunguka, anamfuta uso, wenzake wanapiga vigelegele. Shangazi yule alikuwa mwanamke mwenye mikono ya jembe. Alifuta mara moja tu, kutoka paji la uso mpaka kidevu. Akaiinua ile kanga juu. Kwenye kanga kulikuwa na nyusi, shavu na nusu ya mdomo.

"Jamani!" akapiga kelele, "nimeondoka na bibi harusi!"

Ukumbi mzima ulicheka. Binti akalia, na kila chozi lilipopita liliacha mstari mwekundu. Mimi nilijificha jikoni kwa wapishi.

Niliporudi mjini habari ilikuwa imefika kabla yangu. Nilitegemea kuchapwa taulo. Mama Zuhura akachukua kanga iliyokuwa imetundikwa mlangoni, akaniwekea mkononi, akasema, "Kuanzia leo, ukimaliza uso, mfute wewe. Mfute kabla shangazi yake hajamfuta. Kitakachotoka kwenye kanga hakikuwa chake. Kitakachobaki ndiyo kazi yako." Tangu siku hiyo sijawahi kumtoa mteja mlangoni bila kumfuta na kanga. Wengine walinikasirikia. "Dada, si unaniharibia?" Nami nawaambia, bora nikuharibie mimi.

Mngependa niishie hapa, na mimi ningependa. Lakini wengi wenu mkitazama nyuma yenu saa hii mtaona rafu, na kwenye rafu kuna makopo yasiyo na jina. Ndiyo, nayasema hayo hayo.

Nilipofungua saluni yangu mwenyewe Mkiwa, wadogo zangu walikuwa shuleni wote watatu. Wateja wakawa wanauliza mkorogo wa kung'arisha ngozi. Kwa Mama Zuhura nilikuwa nimesikia akiwafukuza: "Mimi napamba, sichubui." Mimi nikaona yeye ana watoto wakubwa, anaweza kuringa. Nikaanza kuuza. Nilikuwa nachanganya mwenyewe, naweka kwenye makopo madogo yenye mfuniko mweupe, na juu ya kila mfuniko naandika kwa kalamu ya wino mzito: Asubuhi na jioni. Usikae juani. Usikae juani, Singida! Kana kwamba wateja wangu walikuwa wanaishi kwenye pango.

Mnajua unavyofanya kazi. Wiki ya kwanza mtu anang'aa, anakuletea na rafiki yake. Baada ya miezi, ngozi inakuwa nyembamba kama ya kitunguu, jua linaingia moja kwa moja, na mashavu yanaiva. Wanawake wale wale walikuwa wanarudi kwangu Jumamosi, wana harusi, wana ubatizo, wanasema, "Dada, nizibie huu wekundu." Nami kwa ustadi wangu wote, kwa kidole cha pete, gonga, gonga, naziba. Wananishukuru, halafu wakiondoka wanachukua na kopo jingine. Mkiniuliza kama sikujua, nitawaambia nilijua. Nilijiambia wanapaka kupita kiasi.

Elipendo alisoma, akapata kazi ya ukarani Itigi, akapata na mchumba huko huko, kijana anaitwa Benjamini, mtoto wa mzee aliyefanya kazi reli. Familia ya watu wa heshima. Nilikuwa nimembeba yule mtoto mgongoni, nimemsomesha, na sasa namtoa. Sina jinsi ya kuwaeleza nilivyojisikia. Wiki mbili kabla ya sendofu alikuja nyumbani, amejifunika kanga mpaka puani.

"Vumbi la basi," akasema.

"Basi limeshaondoka. Fungua."

"Dada, ngoja nipumzike kwanza."

Nikaivuta. Mashavu yake yalikuwa mekundu kama tofali, na chini ya jicho la kushoto palikuwa pamebabuka.

"Umepaka nini, Pendo?"

"Kitu cha kawaida tu."

"Kina jina gani hicho cha kawaida?"

Nilifungua mkoba wake mwenyewe. Kopo dogo, mfuniko mweupe. Asubuhi na jioni. Usikae juani. Mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la sita.

Nilikaa kitandani. Yeye ndiye aliyeanza kunibembeleza. "Nilichukua mwenyewe rafuni, dada, Krismasi. Hukunipa wewe. Mawifi zangu weupe wote, nikaona nitapiga picha mimi ndiye giza. Na wewe ulikuwa unasema wateja wako wanang'aa."

Nilikuwa nasema. Kila siku.

Tulienda hospitali, akapewa dawa, akaambiwa aache kila kitu abaki na mafuta ya mgando na kivuli. Wiki mbili hazikutosha. Siku ya sendofu wekundu ulikuwa umepungua, ila ulikuwepo, na pale chini ya jicho palikuwa na baka. Tulipanga sherehe mchana, maana ndugu wa Kinyangiri walikuja na gari moja na lazima lirudi kabla ya giza. Mchana, na madirisha ya ukumbi yale makubwa. Pendo alikaa kwenye kiti mlangoni pangu akanishika mikono yote miwili.

"Ziba yote, dada. Mama Benjamini akiniona hivi atasema kijana wake kaletewa mgonjwa. Ziba yote, au sitoki."

Rangi nilikuwa nazo. Ningeweza kuziba. Nikafanya kama nilivyofundishwa: maji ya baridi, mafuta, chai, manjano kidogo, gonga, gonga. Nikamtoa nje. Wekundu ulikuwa umeshuka sana, umebaki wa mtu aliyetembea juani, na baka la chini ya jicho ukilitafuta unaliona. Nikamfuta na kanga. Kanga ikatoka safi.

"Bado linaonekana," akasema kwenye kioo.

"Ndiyo."

"Ongeza."

"Nikiongeza tabaka, Shangazi Raheli ataondoka nalo. Unaijua mikono yake."

Alinitazama kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwake, lakini alitoka.

Shangazi Raheli ni dada yake baba yetu, na ndiye alikuwa amebaki kama mzazi upande ule. Ulipofika wakati wake alikuja anacheza toka mlangoni, kanga juu ya kichwa, vigelegele, muziki umefunguliwa mpaka mwisho. Akamzunguka Pendo mara mbili. Akamfuta. Mimi nilikuwa nimeshika kiti. Akaitazama kanga: jasho tu. Nikapumua. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na ukuta wa kumzuia, akamtazama mtoto mwenyewe. Akamshika kidevu, akamgeuza dirishani.

"Mbona mashavu yameiva hivi? Nani kakuchoma, mwanangu?"

Yule shangazi hajui kunong'ona. Mpiga muziki akapunguza sauti ili asikie vizuri. Watu wa Itigi wakanyoosha shingo.

"Jua tu, shangazi," Pendo akasema. "Nilitembea bila mwamvuli."

Hakunitazama. Alikuwa ananifunika mimi, kama nilivyokuwa namfunika yeye asubuhi.

Mara mshereheshaji akasema sasa tumsikilize dada mkubwa, ambaye ndiye mama na ndiye baba, atoe nasaha. Nilikuwa nimeziandaa. Uvumilivu, upole, kumcha Mungu. Nikashika kipaza sauti nikaangalia mbele, na safu ya tatu yote walikuwa wateja wangu. Nilijua kila shavu pale. Nilijua pia kwamba saluni ile ndiyo chakula changu.

"Shangazi ameuliza nani kamchoma," nikasema. "Ni mimi. Si jua. Ni kopo langu lenye mfuniko mweupe, na mwandiko ni wangu."

Mdogo wangu Daudi alinivuta gauni. "Dada, kaa chini. Kaa chini bwana."

"Sikai. Mama Benjamini, mtoto wenu si mgonjwa. Ngozi yake ilikuwa nzuri mpaka aliposikia maneno yangu. Na ninyi wa safu ya tatu, mnaonijia Jumamosi, nanyi niliyewachoma ni mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja alishusha kitenge chake mpaka kwenye nyusi. Shangazi Raheli alibaki amesimama katikati na kanga yake mkononi, haelewi aendelee kucheza au arudi kukaa. Hatimaye akapiga kigelegele, peke yake, kwa sababu lazima mtu afanye kitu.

Wakati wa kupeana mikono Mama Benjamini alinifikia. Nilimwamkia. Aliitikia, akaniinamia sikioni, na kwa karibu hivyo nikaona poda yake ilivyokuwa nzito, na mabaka meusi chini yake.

"Kopo langu nililinunua Manyoni," akanong'ona. "Lini nije uyaone haya mabaka?"

Mnafikiri watu wa Mkiwa walinielewa? Wengine hawakunisalimia miezi sita. Mmoja alidai nimemwaibisha mbele ya mume wake. Jumatatu nilibeba makopo yote kwenye ndoo kwenda kuyamwaga chooni, na mteja wangu wa siku nyingi akanifuata hadi mlango wa choo.

"Dada, hayo unayatupa kweli?"

"Kweli."

"Basi si unipe mimi? Mimi hayanidhuru."

Shavu lake lilikuwa limeiva kama nyanya, na amesimama juani. Nikamwaga. Alinitukana.

Baadaye kazi ilirudi polepole, ya kupamba tu. Pendo ana watoto watatu sasa. Wekundu uliisha, lile baka la chini ya jicho halikuisha. Akija nyumbani kuna sherehe, anakaa mlangoni nampamba, nami kila mara mkono wangu unataka kulimaliza lile baka, na kila mara anausukuma. "Acha hapo, dada. Inatosha." Halafu anachukua kanga anajifuta mwenyewe, tunaondoka.

Turudi kwa Salome. Jumatatu nilienda saluni kwake kumwomba radhi kwa kuondoka bila kuaga. Nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikainua macho, nikaona rafu. Makopo madogo, kumi na mawili, yasiyo na jina. Mfuniko wa kila moja umeandikwa kwa wino mzito: Asubuhi na jioni. Mwandiko mzuri kuliko wangu, yeye kafika kidato cha nne. Nilimweleza yote haya niliyowaeleza ninyi. Alinisikiliza kwa adabu, ndiyo mama, ndiyo mama. Jumanne nikampigia Pendo, Jumatano akaja kutoka Itigi na basi la asubuhi, akakaa kwenye kiti, bila kitu usoni, tukakisogeza mlangoni.

"Mpake," nikamwambia Salome.

Aliinama kumtazama karibu. "Mama mdogo, hapa chini ya jicho pamekuwaje?"

"Asubuhi na jioni," Pendo akasema.

Binti aliinamisha kichwa, akafanya kazi. Nikiri kwamba akiamua, ana mkono mzuri. Manjano kidogo, kidole cha pete, na akasimama penye kusimama. Alimfuta mwenyewe bila kuambiwa. Kanga ikatoka safi. Nikarudi nyumbani nikijisikia nimemaliza kazi.

Leo asubuhi nimepita tena. Rafuni yamebaki makopo matatu. Nikafurahi, nikamwuliza, "Mengine umeyamwaga wapi?"

"Yameisha, mama," akasema, akitazama sakafu. "Waliyanunua jana."

Nimechoka, mabinti. Nimechoka mpaka magoti yamesahau kuuma. Lakini sijaondoka. Nimevuta kile kiti chake cha wateja nimekiweka mlangoni, mguu mmoja ndani na mwingine barazani, kanga begani, na ndipo nilipokaa naandika haya. Atakayekuja kwa ajili ya yale matatu lazima apite hapa. Ataniamkia kwanza, nami nikiitikia nitamgeuzia uso wake kwenye mwanga.